Viapo vya Kiswahili

"Mama Elias, hivi makaratasi ya marehemu yakienda Dar, na sisi tuliomo ndani yake tunakwenda nayo?"

Jirani yangu Bernadeta aliniuliza hivyo siku gari la Chuo Kikuu lilipokuja Kiseke kuchukua nyaraka za mume wangu. Alikuwa ameegemea mlango wa uani, kitenge kimefungwa kifuani, mikono inanuka dagaa. Kijana aliyetumwa na chuo, Venant, alikuwa anafunga maboksi kwa kamba ya katani. Akamjibu bila kuinua kichwa:

"Mnakwenda, mama, tena bila nauli."

"Basi mimi niwekee dirishani. Nikikaa katikati natapika."

Tukacheka sote. Mimi nilicheka kuliko wao wawili, huku najua kwamba Bernadeta hayumo katika boksi hata moja, wala baba yake hayumo. Karatasi yao nilikuwa nimekwisha kuichoma kwa mikono yangu, kwenye jiko la uani, karibu na pale pale aliposimama.

Mume wangu aliitwa Zadok Okech. Kitivo cha sheria kilipokuwa kichanga, majengo bado yananuka rangi, yeye aliwekwa kuwa mmoja wa wakuu wake. Wakati huo mimi nilikuwa Mara kwa wakwe zangu, nalima na kulea. Shule yangu iliishia darasa la nne la misheni. Kiswahili nasoma, Kijaluo nasoma, Kiingereza naona herufi tu. Alipostaafu tukajenga hapa Kiseke. Alisema anakuja kupumzika na kufuga kuku. Kuku walikufa kwa kideri, na kupumzika hakukuwapo, maana watu walimfuata. Mvuvi aliyeporwa nyavu, mjane aliyefukuzwa na shemeji, mzee anayetaka kugawa shamba angali hai, wote waliketi kwenye kochi letu wakasema shida zao. Yeye anasikiliza, anaandika, anapiga mashine, kisha anawapeleka kwa hakimu wakaape. Hakuwatoza kitu. Mwenye sato alileta sato, mwenye viazi alileta viazi. Mimi nilikuwa naleta chai, halafu naketi karibu na mlango na kitambaa changu cha kufuma. Niliyoyasikia pale sikuyatoa nje.

Sisi ni watu wa Kanisa la Mennonite. Kwetu tumefundishwa tangu utoto kwamba mtu haapi. Akisema ndiyo iwe ndiyo, akisema siyo iwe siyo, inatosha. Zadok alilijua hilo kama mimi, baba yake alikuwa mwinjilisti. Lakini kazi yake ilikuwa kazi yake, na halikuwa jambo la kutugombanisha. Jioni nilikuwa namuuliza, "Baba Elias, leo umemwapisha nani?" Anajibu, "Nimeapisha karatasi, mke wangu, mtu nimemwacha." Yanaishia hapo.

Lilikuja kuniuma siku ya mazishi. Mzee mmoja wa kanisa kule kwetu Mara alisimama penye kaburi akasema, huyu alikuwa mtoto wetu, tulimsomesha sisi, lakini maisha yake yote amewatia watu katika viapo, ndugu zangu, tumwombee. Watu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia. Ile amina nilirudi nayo mpaka Kiseke.

Matanga yalikuwa yameshapita muda mrefu Venant alipokuja mara ya kwanza. Kijana mpole, Mhaya, akiamkia anainama mpaka unamwonea huruma mgongo wake. Aliniambia chuo kinataka kila kitu: madaftari ya kufundishia, barua, hotuba, na zile karatasi alizowaandikia watu.

"Hizo za watu wa hapa ndizo hasa, mama," alisema. "Tutazitunza vizuri. Watu watazisoma hata sisi wote tukiwa hatupo."

Aliniachia maboksi matupu, akaenda Bukoba kuwaona wazazi wake, akisema akirudi atabeba. Yeye alisema kwa furaha. Mimi nilisikia lingine. Nilimwona yule mzee wa penye kaburi. Niliwaona watu wageni wenye miwani wanafungua faili hili na lile, naapa, naapa, naapa, na chini ya kila naapa jina la mume wangu. Nikasema moyoni, Zadok hataingia huko hivyo. Nitampeleka akiwa safi.

Nikajifungia chumbani kwake nikaanza kuchambua. Kila karatasi iliyoanza na "Mimi fulani naapa" niliiweka kando. Nilisoma polepole kwa kidole, kama tulivyofundishwa. Watu wote wale walirudi. Mama wa Nansio aliyenyang'anywa mtumbwi. Baba wa Misungwi na ng'ombe wake waliouzwa na mwanawe. Nikafika kwa Mzee Mihayo.

Mzee Mihayo alikuwa baba yake Bernadeta. Alikuwa na kiwanja ufukweni Igombe, chenye yale mawe mapana ambayo Bernadeta alikuwa anaanikia dagaa. Mpaka leo nikiyakumbuka naona yanang'aa. Hakuwa na mtoto wa kiume. Alijua kwamba akifa, Ndalahwa, mtoto wa mdogo wake, atasema ni mali ya ukoo. Basi akaja kwa Zadok akaandikisha kwamba kiwanja chote, kuanzia barabarani hadi majini, ni cha Bernadeta. Akaenda kwa hakimu, akaapa, akaweka dole gumba. Hakimu aligonga muhuri akawarudishia nakala zote mbili, na zote mbili Mzee aliziacha kwetu. "Nyumbani kwangu karatasi haina pa kulala," alisema. "Ndalahwa ana mkono mrefu."

Nilizishika zile karatasi muda. Nikawaza, Mzee amefariki. Hakimu naye amefariki. Ndalahwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu na hakuna anayemsikia. Bernadeta anaanika dagaa wake kwa amani. Karatasi hizi zimebakiwa na kazi gani? Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa ua wa minyaa, ningemwita kwa sauti ya kawaida angesikia. Sikumwita. Niliziweka pamoja na nyingine.

Nilipokuwa nachoma alikuja mwenyewe, ameshika kigae.

"Shikamoo, mama. Mbona moshi mweupe hivyo, unachoma nini?"

"Marahaba. Takataka za marehemu."

"Nipe kaa la moto basi, kiberiti changu kimelowa."

Akainama, akachagua kaa kubwa kwa vidole kama anavyochagua kitunguu sokoni, akaliweka kwenye kigae, akaondoka analipuliza. Baadaye niliona moshi wa jiko lake unapanda. Alikuwa anapika maharage.

Venant akarudi, maboksi yakaondoka, na kama nilivyokwisha kusema, tukacheka. Usiku nilimshukuru Mungu kwamba nimemaliza kazi ya mume wangu.

Ndalahwa hakukaa Geita milele. Miaka hiyo biashara ilifunguliwa, na viwanda vya minofu ya sangara vikaanza kuota kandokando ya ziwa. Mawe ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyasalimia yakaanza kutembelewa na watu wenye viatu vya kung'aa. Ndalahwa akatokea Igombe amevaa miwani ya jua, na nyuma yake watu wa kiwanda wameshika futi ya kamba. Wakapima kuanzia majini. Bernadeta alikuwa pale pale anageuza dagaa. Ndalahwa akamwambia akusanye vyake, mwanamke harithi ardhi ya ukoo.

Alikuja kwangu moja kwa moja. Nilidhani atalia, kumbe anacheka.

"Nimemwacha apime! Nimemwambia, pima kaka, pima vizuri, unanisaidia kujua urefu wa mali yangu. Baba ameapa kwa Profesa, na muhuri amegongewa. Sasa anataka twende Baraza la Kata. Twende! Mama Elias, karatasi ya baba ipo, si ndiyo?"

Alikuwa ameketi kwenye kochi lile lile, upande ule ule wa baba yake. Nilikuwa namimina chai. Nakumbuka kikombe kilijaa nikaendelea kumimina.

"Zote zilikwenda Dar," nilisema.

"Haya, mama, chai inamwagika. Dar ni mbali lakini si mbinguni. Nitaifuata."

Hivyo tu. Sikuongopa neno hata moja ambalo hakimu angelishika. Zote zilizokwenda, zilikwenda Dar. Mimi niliyechoma viapo vya watu kwa sababu ndiyo iwe ndiyo, nilimpa jirani yangu ndiyo ambayo ndani yake hamna kitu.

Akauza cherehani yake apate nauli ya treni. Nilimwona jirani wa pili aliyeinunua anaibeba kichwani, Bernadeta anamfuata nyuma anamwelekeza asiigonge, kama vile bado ni yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema siku ile. Nilikuwa na nafasi siku iliyofuata, aliponiletea funguo za nyumba nimwangalizie. Kila nilipokusudia nilijiambia, labda moja ilisalia. Labda nilipokuwa nachambua moja ilijificha katikati ya zile za Kizungu ikaenda. Nilijua hakuna iliyosalia. Mtu aliyechambua kwa kidole anajua.

Asubuhi ya safari alipita kuniaga. Alikuwa amebeba mfuko wa dagaa wa kumpelekea Venant.

"Niombee, mama. Ninyi watu wa sala mnasikilizwa."

Nikamwekea mkono kichwani nikaomba. Nikaomba Bwana amlinde njiani, amwepushe na wezi wa stesheni, amfikishe salama na kumpa haja ya moyo wake. Nilisema maneno hayo yote. Yeye akasema amina kwa sauti ya nguvu, akajifanyia ishara ya msalaba ya Kikatoliki, akanikumbatia, akaondoka na harufu yake ya dagaa. Nilibaki nimesimama na mkono wangu. Niliuona mchafu, nikauosha.

Akiwa huko ikafika Jumapili ya Meza ya Bwana. Kanisani kwetu, kabla ya mkate na kikombe, tunaoshana miguu, wanaume upande wao, wanawake upande wetu. Unamwosha mwenzako, unamfuta, mnakumbatiana. Mwenye neno na mtu hashiriki mpaka alimalize kwanza. Mimi kwa miaka yote naoshana na Teodora, mke wa mzee wa kanisa letu la hapa. Mabeseni yalipoletwa akavuta stuli yake mbele yangu akaanza kukunja mikono ya gauni.

"Leo nipite, Mama Teodora," nikamwambia. "Goti linauma."

Akanitazama. "Goti hatuliombi kitu, Mama Elias. Tunataka nyayo."

Akina mama wa nyuma wakacheka kidogo kidogo kwenye vitambaa.

"Nyayo nazo zinauma."

"Au leo zimekuja hazina vumbi?"

Nikashusha gauni likafunika viatu. Akaacha utani, maana naye ni mtu mzima, akaelewa kwamba kuna jambo. Akahamisha stuli yake kwa mwingine. Nilikaa na viatu vyangu miguuni, nasikia maji yanamwagwa kwenye mabeseni kulia na kushoto, na wanawake wote wanaojua kuhesabu viatu vilivyovuliwa walinihesabu.

Bernadeta akarudi. Hakupita hata kwake, alikuja kwangu na vumbi lote la treni.

"Mayu wee, Dar joto! Na watu wanauza maji, mama. Maji ya kunywa, kwenye mfuko wa nailoni! Nikamwambia yule muuzaji, njoo Igombe utajirike."

"Na Venant ulimkuta?"

"Alinipokea vizuri, sisemi uongo. Akaniambia ninawe mikono kabla ya kushika. Nikanawa, akanusa, nikanawa tena. Nikamwambia, kijana, harufu hii nimezaliwa nayo, tuendelee tu." Akavua viatu, akanyoosha miguu. Uso wake ukabadilika. "Tumefungua boksi moja moja, mama. Nimeona kiapo cha Mhindi wa pamba. Cha Mgiriki wa mkonge. Cha meneja wa benki. Vimelazwa kwenye karatasi nyeupe kama vitoto vichanga. Vyote Kizungu. Cha baba hakuna. Cha yule mama wa Nansio hakuna. Cha Kiswahili hakuna hata kimoja. Venant mwenyewe alishangaa. Alisema, Profesa aliyewaandikia wanyonge wote wale, imekuwaje hana cha mnyonge hata kimoja?"

Mpaka siku ile nilikuwa nadhani kosa langu ni karatasi moja. Hapo ndipo nilipoona lote. Nilikuwa nimechambua kwa macho ya darasa la nne. Nisichoweza kukisoma nilikipita, nikakifunga kwenye boksi kwa heshima. Matajiri waliapa kwa lugha nisiyoijua, viapo vyao vikapona. Nilichoma vya wale tu niliowaelewa, wale waliokunywa chai yangu.

"Nimepata jibu njiani," Bernadeta alisema. "Ndalahwa sasa ana fedha za kiwanda. Atakuwa amemfikia yule kijana."

"Venant? Hapana, Bernadeta."

"Wewe mama ni mtu wa sala, watu huwajui. Kijana wa mjini, mshahara mdogo, anafuatwa na watu wa viatu vya kung'aa. Amenichekea tu. Akatoa moja, akaona itajulikana, akatoa na nyingine zote. Nitamtaja barazani, na Baraza limwandikie mkubwa wake wa kazi. Afukuzwe!"

"Si yeye."

"Unajuaje?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari kabisa, maneno yamefika kwenye meno. Lakini yeye alikuwa ameshainama kwenye kikapu chake, anatafuta, akatoa nazi kubwa ya maganda akaniwekea mapajani.

"Hii yako. Nimeibeba njia nzima. Na utakuja kunishuhudia, eh? Wewe ulikuwepo baba anasema."

"Nitakuja," nilisema. "Asante."

Ikawa ndiyo yote niliyoweza.

Baraza la Kata lilikaa kwenye chumba cha ofisi chenye mabenchi ya kuazima kutoka shule. Mwenyekiti alikuwa Mzee Chenge, aliyewahi kuwa mpima pamba wa ushirika, mtu mwenye macho yanayofuata mkono wako. Wajumbe wakaketi upande wake, karani mwishoni na kalamu. Ndalahwa aliketi mbele.

"Ndalahwa," alisema Mzee Chenge, "vua miwani. Humu ndani jua halijaingia."

Watu wakacheka. Ndalahwa akavua, akasimama, akazungumza vizuri. Lazima niseme alizungumza vizuri.

"Waheshimiwa, ardhi haiolewi. Dada yangu huyu aliolewa akatoka, akaachika akarudi. Ardhi haikutoka naye wala haikurudi naye. Ilikaa pale pale, ya ukoo."

"Na wewe dhahabu ya Geita ilikuacha, mbona hatukusemi!" Bernadeta aliruka.

"Bernadeta, subiri zamu."

Zamu yake ilipofika alieleza yote, baba yake, Profesa, hakimu, dole gumba, cherehani, treni. Alieleza bila kulia. Kisha akasema karatasi imeibwa na mtunza nyaraka wa chuo aliyenunuliwa na Ndalahwa, na kwamba anataka jina lake liandikwe na lipelekwe kwa wakubwa wake.

"Jina lake nani?" Mzee Chenge aliuliza.

"Venant."

Karani akainama kuandika. Nilimtazama yule karani anavyoshika kalamu, na nikamwona Venant anavyoinama akiamkia. Nikasimama. Goti langu kweli liliuma.

"Usiandike."

"Mama, zamu yako haijafika."

"Asiandike jina la mtoto wa watu. Nina neno."

Mzee Chenge akanitazama, akamzuia karani kwa kidole. "Basi uape kwanza."

"Siapi. Kwetu hatuapi. Nitasema kweli."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Mzee Chenge akapangusa uso. "Haya, sema kweli bila kuapa, mama. Wanaoapa wametudanganya vya kutosha."

"Karatasi ya Mzee Mihayo haikuibwa," nilisema. "Haikufika Dar. Niliichoma mimi, nyumbani kwangu, kabla gari halijaja."

Bernadeta alinishika gauni, kwa upole, kama anamshika mgonjwa. "Mama Elias, kaa chini. Huyu mama anaumwa, waheshimiwa, anataka kumwokoa yule kijana, ana huruma sana."

"Siumwi, mwanangu." Nikaeleza. Nikaeleza mzee wa penye kaburi, na viapo, na jinsi nilivyotaka mume wangu awe safi mbele ya wasomaji wake. Niliposema hayo kwa sauti, mbele ya watu waliovaa ndala na waliokuja na njaa, yalisikika madogo sana. Mkono wa Bernadeta ukaachia gauni langu.

"Siku ya treni," aliuliza taratibu, "uliponiombea. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na cherehani inabebwa?"

"Nilijua."

Akageuza uso mbele, akayaweka macho yake kwenye meza ya karani, hakuyatoa tena.

Mzee Chenge aliniuliza kama nakumbuka maneno ya karatasi. Nikayasema. Kiwanja chote, kuanzia barabarani hadi majini, pamoja na mawe, ni cha Bernadeta binti Mihayo, na mtu wa ukoo asimsumbue. Niliyasema mara moja na bila kukwama, maana niliyasikia siku mzee aliposema na niliyasoma siku nilipochoma.

Ndalahwa akainua mkono kama mwanafunzi mzuri.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza tu. Mama aliyechoma kiapo cha baba yangu mkubwa, leo ndiye atusomee kiapo hicho kutoka kichwani? Mtu hachomi kitu kinachompendeza. Mimi nasema karatasi ile ilisema kiwanja ni cha Ndalahwa, na mama hakuipenda kwa sababu ya urafiki wao. Nani humu ndani atanibishia?"

Nilitaka kumbishia. Nilikuwa nimemkatia mwenyewe fimbo ya kunipigia.

Wajumbe wakaingia chumba cha ndani. Sisi tukabaki. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mama mmoja wa Igombe, ambaye marehemu alimwandikia habari ya shamba lake la mihogo, alinitazama muda mrefu na nikajua anajiuliza na yake iko wapi. Nilimtikisia kichwa. Akaelewa, akashika tama.

Waliporudi, Mzee Chenge hakukaa.

"Baraza linaamini Mzee Mihayo alikwenda kwa Profesa na kwamba aliapa," alisema. "Aliapa nini, hatuna. Karatasi ingekuwepo, neno letu lingekuwa jingine na tungekuwa tumeshakwenda nyumbani. Maneno ya mama tumeyasikia, na tunaona anasema kwa uchungu. Lakini maneno matupu ya mtu mmoja aliyechoma ushahidi hayana nguvu ya kubeba mawe yote yale. Tumegawa. Sehemu ya juu, upande wa barabara, penye mihogo na kibanda, ni ya Bernadeta, na Ndalahwa asikanyage. Sehemu ya chini, mawe na ufukwe, irudi kwa ukoo."

Kwa ukoo maana yake kwa Ndalahwa, na kwa Ndalahwa maana yake kwa kiwanda. Kila mtu mle ndani alijua. Ndalahwa alivaa miwani yake. Sehemu ya juu ni majani na kivuli. Dagaa hawakauki kwenye kivuli.

"Bernadeta," alisema Mzee Chenge, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "una haki ya kwenda mbele, mahakamani. Una neno la kuandikwa?"

Karani alishika kalamu akasubiri. Bernadeta alisimama, akafungua kitenge, akakifunga tena kwa kukaza. Alikuwa ameketi upande wa ukutani, na ili atoke ilimbidi apite mbele ya magoti yangu. Nilivuta miguu. Alipita, akavaa ndala zake mlangoni, akatoka, karani angali ameshika kalamu.